Dhana potofu kuhusu vipimo vya zamani vya moto wa plagi

Mmiliki wa Peugeot 404 au Land Rover ya miaka ya 1960 anayelipeleka gari lake gereji ya Nyakato au Igoma, Mwanza, likiwa linamisi, mara nyingi huambiwa kwamba lipimwe kwanza kwa kompyuta. Gari hilo halina kompyuta wala soketi ya kuchomekea mashine. Hata Marekani, soketi ya aina moja kwa magari yote ililazimishwa kuanzia magari ya mwaka 1996. Moto wake, yaani cheche ya plagi, hutoka kwenye koili inayopandisha volti, platini (nyuso mbili za chuma zinazofunga na kukata umeme wa koili) na kondensa, na vipimo vilivyotengenezwa kwa ajili ya mfumo huo bado ndivyo sahihi kuutumia.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba fila geji (bapa jembamba la kupimia uwazi wa platini) inatosha na mita ya dweli ni pambo tu. Kwa platini mpya, fila ni chombo kizuri. Platini zilizotumika, hata hivyo, huhamisha chuma kutoka uso mmoja kwenda mwingine kila zinapokata umeme, hivyo upande mmoja huota nundu na wa pili huchimbika shimo. Bapa la fila likipitishwa hapo huishia kwenye kilele cha nundu, na uwazi halisi hubaki mkubwa kuliko namba iliyoandikwa kwenye bapa. Mita ya dweli haidanganywi na nundu, kwa sababu hupima ni kwa nyuzi ngapi za mzunguko wa distributa (kifaa kinachogawa moto kwa kila plagi) platini hukaa zimefungika huku koili ikijazwa umeme. Kwa injini ya silinda nne, kila silinda ina nyuzi 90, na kwenye Volkswagen Beetle, kwa mfano, platini hufungika kwa takriban nyuzi 50. Tena, hosi ya vakyumu (mpira wa mvuto wa hewa unaoingia kwenye distributa) ikiwa imechomolewa na kuzibwa, sindano ikihama zaidi ya nyuzi tatu hivi injini inapokanyagwa mafuta, mara nyingi bushi za distributa zimelika, na platini mpya hazitaponya ugonjwa huo.

Wapo wanaoitupa mita kwa kuwa ina mistari ya silinda 6 na 8 tu. Kwa injini ya silinda nne, isomwe kwenye mstari wa 8, kisha namba izidishwe kwa mbili.

Ni kosa pia kuweka taimingi (wakati wa cheche kuruka) kwanza na platini baadaye. Dweli ikiongezeka kwa nyuzi moja, moto huchelewa kwa takriban nyuzi moja ya kranki (shafti kuu ya injini), kwa hiyo kazi yote ya taa ya taimingi, inayomulika alama ya puli, hupotea. Taa yenyewe husingiziwa ubovu: zile za zamani za neoni zina mwanga hafifu, na kwa jua la saa sita mchana la Mwanza huonekana kana kwamba haziwaki. Gari lisogezwe kivulini na alama ya puli ipakwe chokaa.

Hatimaye, cheche inayoruka kwenye plagi iliyofunguliwa haithibitishi kwamba koili ni nzima. Hewa iliyogandamizwa ndani ya silinda hudai volti nyingi zaidi kuliko hewa ya wazi, kwa hiyo koili dhaifu hufaulu mezani na kushindwa kwenye mlima wa Bugando. Kipimo cha cheche chenye uwazi mpana kuliko wa plagi ndicho kinachofichua udhaifu huo, mradi kibanwe vizuri kwenye bodi; waya ukiachwa ukining'inia mbali na chuma, umeme hutafuta njia na unaweza kutoboa insulesheni ya koili yenyewe.