Chesapeake: mbwa wa maji baridi asiyependana na sabuni

Kazi yangu ni kufundisha mbwa wa kuokota ndege waliowindwa. Kila anayenunua Chesapeake Bay Retriever huniletea lalamiko lilelile: mbwa ananata mkononi, ameogeshwa, bado ananata. Mwacheni. Mafuta yale ni yake, na bila hayo hana tofauti na mbwa mwingine yeyote aliyelowa.

Asili yake ni Ghuba ya Chesapeake, jimbo la Maryland, Marekani. Majira ya vuli ya 1807, merikebu ya Baltimore iitwayo Canton iliwaokoa mabaharia wa chombo cha Kiingereza kilichokuwa kinazama, kikitoka Newfoundland, kisiwa ambacho sasa ni sehemu ya Kanada, na shehena ya samaki. Humo mlikuwa na watoto wawili wa mbwa. George Law, aliyekuwamo Canton, akawanunua kwa nahodha wa chombo hicho kwa gini moja, sarafu ya Kiingereza, kila mmoja. Dume, wa rangi nyekundu iliyofifia, aliitwa Sailor. Jike mweusi akapewa jina la merikebu. Walikwenda kwa mabwana tofauti, na hakuna kumbukumbu kwamba waliwahi kuzaa pamoja. Kila mmoja alipandishwa na mbwa wa kuwindia wa huko.

Kilichomtengeneza zaidi, kwa maoni yangu, ni biashara. Wawindaji wa ghuba hiyo walipiga bata wa porini kwa ajili ya masoko ya mijini, tena msimu wa baridi, barafu ikielea. Mbwa aliingia majini tena na tena kutwa nzima, kisha akabaki kulinda mashua na bata huku bwana ana shughuli nyingine. Sheria ya 1918 ya kulinda ndege wanaohama iliizima biashara hiyo, ila tabia haikufutika. Maryland ilimfanya mbwa rasmi wa jimbo mwaka 1964.

Ndiyo maana sipendi akiuzwa kama Labrador, mbwa mwingine wa kuokota ndege, wa rangi ya kahawia. Labrador humfurahia kila apitaye. Huyu humtazama mgeni kwanza kwa macho yake ya manjano, kisha anaamua. Kwa watu wa nyumbani ana mapenzi mazito, na baadhi ya mbwa hawa hupandisha mdomo na kuonyesha meno kwa furaha, jambo linalowakimbiza wageni bure. Ukimfokea anasusa. Ukimrudishia zoezi moja mara kumi, atakutazama tu. Mazoezi mafupi, yenye sababu, humwingia. Na kwa kuwa ulinzi umo damuni, mzoeshe tangu mdogo kukuachia alichoshika na kupewa kitu kizuri badala yake. Kama hujawahi kufuga mbwa, anza na mwingine.

Sasa manyoya. Ya juu ni magumu, hayazidi sentimita 4. Chini yake kuna sufu fupi iliyoshonana. Mafuta hukaa humo, na maji hayapenyi ngozini kirahisi: akijikung'uta yanaruka kama kwenye jani la mgimbi. Shampuu ya kila wiki huyaondoa. Mpige brashi ya mpira mara moja kwa wiki, usinyoe, na sabuni iwe ya siku aliyogaagaa kwenye mzoga. Akitoka maji ya chumvi, suuza kwa maji matupu, kausha masikio hadi ndani ya ukunjo. Msimu wa kupukutika, fagio halipumziki.

Dume hufika kilo 29 hadi 36, kwa hiyo nyonga ndizo za kuchunga: mwenye kukuuzia akuonyeshe eksirei za wazazi, na vipimo vya DNA vya ugonjwa wa retina ya jicho na wa uti wa mgongo. Asiyekuwa navyo, mpite. Kifua chake kirefu humweka pia kwenye hatari ya tumbo kujaa gesi na kujipinda. Gawa chakula mara mbili kwa siku, na usimrushie kitu majini akiwa ametoka tu kula. Tumbo likivimba huku anajaribu kutapika bila kutoa kitu, usingoje asubuhi. Mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo.