Bahari Haifuati Kalenda: Dhana Potofu za Uvuvi wa Michezo Majira ya Kuchipua

"Jua limeshachomoza, bahari nayo imeshapata joto." Dhana hii huwaponza wengi, na ndiyo inayozaa nyingine nyingi. Hewa hupashika moto kwa siku chache tu. Maji hayana haraka hiyo. Ujazo uleule wa maji huhitaji joto zaidi ya mara 3,000 ya lile linalohitajiwa na hewa ili kupanda nyuzi moja. Ndiyo maana, kwenye maeneo yenye majira manne, bahari huwa karibu na kilele cha ubaridi wake mwanzoni mwa majira ya kuchipua, yaani Machi hivi kaskazini na Septemba kusini, wakati huku nchi kavu watu wameshavua makoti.

Basi mtu anapanda boti na fulana nyepesi, jaketi okozi kalifungia kabatini. Akitumbukia kwenye maji yaliyo chini ya nyuzi 15, hatari ya kwanza si mwili kupoa. Ni mshtuko: anavuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, na kama kichwa kiko chini, anavuta maji. Akiivuka dakika ya kwanza, kwenye maji baridi sana mikono huanza kukosa nguvu ndani ya dakika kama 10, awe muogeleaji hodari au la. Kulivaa jaketi ukiwa tayari majini ni shida, na kwa vidole vilivyokufa ganzi ndiyo kabisa. Mimi hapa sioni la kujadili: livaliwe kabla ya kung'oa nanga.

Dhana ya pili inatoka kwa wenye simu na ramani za setilaiti: tafuta palipo na joto zaidi, elekea hapo. Ina ukweli nusu. Setilaiti ya miali ya joto husoma utando wa juu tu, mwembamba kuliko unywele, na mawingu yakitanda haioni kitu. Siku tulivu yenye jua, utando huo hupata joto, ramani ikapendeza, kumbe mita chache chini maji ni yaleyale ya baridi.

Cha kutafuta ni mpaka, pale maji ya aina mbili yanapokutana. Kwenye kingo za mikondo mikubwa kama Gulf Stream na Kuroshio, mabaka ya maji ya vuguvugu hukatika na kuzunguka yenyewe, na pembezoni mwake samaki wadogo na ngisi hujikusanya. Ukifika utaujua. Kipimajoto kinaruka kutoka 17 hadi 20 kwa mwendo mfupi tu, kijani chenye utusitusi kinageuka buluu, povu na mwani vimejipanga mstari mmoja, na ukibahatika ndege wanapiga mbizi. Rambaza, yaani kokota chambo nyuma ya boti, ukifuata mstari huo, ukiuvuka kwa mshazari huku na huku. Wengi huukata mara moja na kutokomea kwenye buluu tupu, kisha wanalalamika hakuna samaki.

Na kile kijani wanachokidharau? Pepo za majira ya baridi zimekoroga virutubisho kutoka chini. Mwanga ukiongezeka, mimea midogo isiyoonekana kwa macho huchanua kwa wingi, viumbe wadogo wanaila, na wakubwa wanafuata nyuma.

Wapo wanaoamini pia kwamba jodari hagusi chambo kwenye maji baridi. Inategemea jodari gani. Yule mkubwa wa pezi buluu ana mishipa ya damu iliyosokotana kwa namna ambayo damu ya moto kutoka kwenye misuli huipasha ile baridi inayotoka kwenye matamvua. Misuli yake hubaki na joto kuliko maji yaliyomzunguka, kwa hiyo huwinda mahali ambapo felusi, samaki wa maji ya joto, hathubutu kukanyaga. Felusi, yeye, subiri maji yakaribie nyuzi 20.

Bahari shwari nayo si dhamana ya usalama. Hewa ya joto yenye unyevu ikipita juu ya maji baridi huzaa ukungu, na siku za upepo mwanana ndizo unapokaa.

La mwisho huwaudhi mafundi: eti mshipi mwembamba ndio uungwana. Mshipi mwembamba hurefusha pambano, na kadiri samaki anavyopambana ndivyo tindikali inavyojazana kwenye misuli yake. Sulisuli akiachiwa na kuondoka kwa mkia wake si ushahidi kwamba ataishi. Anaweza kufa baadaye, hakuna anayemwona. Tumia mshipi wa nguvu umlete mapema. Funga ndoana ya duara, ambayo kwa kawaida hunasa pembeni mwa mdomo badala ya tumboni, ila usiivute kwa kishindo anapokula; kunja mshipi taratibu uachie uzito ufanye kazi. Akifika ubavuni, boti iendelee kutambaa ili maji yapite kwenye matamvua, na picha apigwe akiwa bado majini.