Biotini ni kishikio tu, anayetafuta VEGF ni kingamwili

Kila nikimfundisha mtu mgeni labu anakuja na wazo lilelile, kwamba biotini, ile vitamini B7, ndo inaitafuta ile protini tunayoipima. Hapana. Inayotafuta ni kingamwili, protini inayoshika kitu chake kimoja maalumu, biotini imebandikwa tu mgongoni kama kishikio cha kikombe. Ukishalielewa hilo, siku plati (kisahani chenye vishimo vya kupimia) ikigoma utajua uanzie wapi kuangalia.

Mi napima sana VEGF ya binadamu, ile protini ambayo seli zikikosa oksijeni zinaimwaga nje ili mishipa mipya ya damu iote kuja upande wao. Ni minyororo miwili inayofanana iliyofungwa pamoja, jumla yake ina uzito wa kama daltoni 45,000 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), na kwenye sampuli ni kidogo sana, tunaihesabu kwa pikogramu, yaani sehemu za trilioni za gramu. Kitu kidogo hivo huwezi kukiona bila kukikuza.

Kwa hiyo tunatumia ELISA ya sandwichi, kipimo kinachobana protini katikati ya kingamwili mbili alafu kinatoa rangi. Kingamwili ya kwanza inalala chini ya kishimo imeganda kwenye plastiki, unaweka sampuli, VEGF inanaswa, unaosha, alafu unaleta kingamwili ya pili yenye biotini inayoishika VEGF kwa juu, unaosha tena, ndo inaingia streptavidini, protini inayoing'ang'ania biotini, iliyobeba kimeng'enya cha HRP, unaosha, unaweka TMB, ile dawa ambayo HRP inaigeuza rangi, na kishimo kinaanza kuwa bluu, ukitia asidi inageuka njano unasoma kwenye nanomita 450. Kawaida hizo kingamwili mbili zinatakiwa zishike sehemu tofauti, zisigombanie kiti kimoja, ingawa VEGF kwa kuwa ni pacha ina kila sehemu mara mbili kwa hiyo hapo kuna unafuu kidogo.

Sasa kwa nini usibandike kimeng'enya moja kwa moja kwenye kingamwili? Unaweza, ila biotini ni kadude kadogo sana, daltoni 244 kwa kingamwili ya 150,000, kwa hiyo kingamwili moja inabeba biotini kadhaa bila hata kuhisi mzigo, na kila moja inaweza kuvuta streptavidini yake na kimeng'enya chake. Rangi inapanda. Ila ukiibandika mwenyewe usiwe na tamaa, biotini ile ya kawaida inakaa kwenye lisini, moja ya asidi amino zinazojenga protini, na kama kuna lisini pale kingamwili inaposhikia protini utaipofusha kabisa. Na usifanyie kazi hiyo kwenye bafa (maji ya kutunza pH) ya Trisi, itagombania biotini na kingamwili yako, tumia PBS, bafa ya chumvi na fosfati.

Mi kilichoninyoosha ni maziwa. Nilikuwa nachanganyia streptavidini kwenye bafa yenye maziwa ya unga, nimezoea hivo kwenye kazi nyingine, plati ikatoka nyeupe peee, mpaka stendadi (VEGF ya kiasi kinachojulikana) ya juu kabisa haina rangi. Wiki nzima nalaumu kingamwili, naagiza nyingine, kumbe maziwa yana biotini ndani yake! Streptavidini ina mifuko minne tu ya kushikia biotini, na ikishashika haiachii kirahisi, huo mshiko ni kati ya mishiko yenye nguvu kuliko yote tunayoijua kwenye baiolojia. Ilifika kwenye plati imeshashiba. Sikuhizi natumia BSA safi, albumini ya damu ya ng'ombe, basi.

Na sio maziwa peke yake. RPMI 1640, maji ya kulishia seli ambayo wengi tunayo, ina biotini miligramu 0.2 kwa lita. Piga hesabu uone: VEGF ya pikogramu 1000 kwa mililita ni kama pikomola 22 kwa lita, biotini ya RPMI inafika kama 820,000, yaani kwa kila VEGF moja kuna biotini kama elfu 37 zinaelea. Kinachokuokoa ni kuosha tu, sampuli imeondoka yote kabla streptavidini haijaingia. Ukiosha kivivu, au kipimo chako kinachanganya kila kitu kwa mpigo mmoja, umeumia. Hii ndo ileile shida ya watu wanaomeza vidonge vya biotini vya nywele na kucha, mwaka 2017 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari kwamba vinavuruga vipimo vya damu. Kwenye sandwichi majibu yanashuka kwa uongo, kwenye vipimo vya kugombania, vile ambavyo rangi ikipungua ndo unasoma kitu kingi, yanapanda kwa uongo.

Kingine cha haraka, usilinganishe seramu (maji ya damu iliyoachwa igande) na plazma (ya damu iliyozuiwa kuganda). Damu ikiganda chembe sahani zinamwaga VEGF yao, seramu inasoma juu. Na bafa yenye sodiamu azidi, ile dawa ya kuzuia bakteria, weka mbali, inaiua HRP.

Kila plati naacha vishimo viwili bila kingamwili ya pili, naweka streptavidini na TMB tu. Vikibaki vyeupe naendelea kusoma. Vikiwa bluu najua streptavidini imeng'ang'ania plastiki, narudi kwenye kuziba plati (kufunika plastiki tupu kwa protini kama BSA) na kuosha kabla sijamlaumu mtu.