Diski ya TB 16 kwa shilingi 45,000: jinsi ya kuigundua bandia kabla haijameza kazi yako

Kijana mmoja alifika ofisini kwetu Jumatatu asubuhi akiwa na diski ya nje mkononi, nyeusi, ya chuma, imekaa kiganjani kama kipande cha sabuni. Kazi yake ni kupiga picha na video za harusi, hapa Mwanza, kuanzia Buhongwa mpaka Ilemela. Hata hakuketi.

"Mwalimu, mafaili yapo, nayaona kwa macho yangu. Ila hayafunguki."

Diski aliinunua mtandaoni kwa shilingi 45,000. Tangazo lilisema TB 16 (TB moja ni GB elfu moja), na alipoichomeka kompyuta nayo ikasema TB 16. Akaridhika. Akahamishia humo video za sherehe tatu, kisha akafuta kadi za kamera ili azitumie Jumamosi iliyofuata. Tulipobandua ganda kwa bisibisi tulikuta kadi ya memori ya simu, ile ndogo kama ukucha, imechomekwa kwenye kibao cha saketi. Pembeni yake palikuwa na kipande cha chuma kilichogandishwa kwa gundi ya moto, kazi yake kuongeza uzito tu. Kadi ile tulipoipima ilikuwa ya GB 64.

Watu wengi huamini kwamba namba inayoonekana kwenye kompyuta imepimwa na kompyuta yenyewe. Hapana. Ukichomeka flashi, kompyuta huiuliza ina nafasi kiasi gani, na chipu ndogo iliyomo ndani, tunayoiita kidhibiti, hujibu. Kompyuta hupokea jibu hilo na kukuonyesha, basi. Mghushi huandika upya programu iliyomo kwenye kidhibiti ili kijibu anavyotaka yeye. Ndiyo maana kuichomeka flashi mbele ya muuzaji na kusema "eeh, kweli ni TB 2" hakukusaidii chochote. Umemuuliza mwongo kama anasema kweli.

Anayenunua dagaa pale Mwaloni Kirumba anajua debe lililobonyezwa kitako. Kwa nje ni debe kama mengine, ndani linachukua pungufu. Lakini debe hata likiwa la wizi, likijaa dagaa humwagika ukaona. Flashi bandia haimwagi hadharani. Nafasi ya kweli ikishaisha, inaendelea kupokea mafaili kwa utulivu kabisa, mstari wa kuhamisha unakwenda mpaka asilimia 100, hakuna onyo. Baadhi yake hutupa kila kinachozidi. Nyingine hurudi mwanzo na kuandika juu ya kazi yako ya zamani, kwa hiyo kadiri unavyoongeza ndivyo unavyoharibu vya kwanza. Orodha ya majina ya mafaili kwa kawaida hukaa sehemu za mwanzo za diski, ambazo ni za kweli, nayo mara nyingi hubaki salama: jina lipo, tarehe ipo, hata ukubwa wa faili umeandikwa. Kilichokosekana ni faili lenyewe.

Hapo ndipo watu hutapeliwa mara ya pili. Wanakwenda kwa fundi, analipwa elfu hamsini au laki "arudishe data". Faili lililofutwa kwa bahati mbaya kwenye diski halisi mara nyingi hurudishika, kwa sababu liliwahi kuandikwa. Lililotupwa na diski bandia halikuandikwa mahali popote. Hakuna cha kurudisha, na fundi mwaminifu atakuambia hivyo kabla hajagusa pesa yako.

Kuna jambo linalowachanganya wanunuzi kwa upande wa pili, wakailalamikia bidhaa halali. Diski halisi ya TB 1 ukiichomeka kwenye Windows itaonyesha GB 931 hivi. Ya GB 500 itaonyesha 465, flashi ya GB 64 itaonyesha karibu 59. Hujaibiwa. Kiwandani wanahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024, tofauti inatoka hapo. Upungufu wa asilimia saba mpaka tisa ni wa kawaida.

Tukirudi kwenye tangazo lenyewe, cha kwanza kutazama ni kama kitu hicho kipo duniani. Kadi ndogo za memori za TB 1 zilianza kuuzwa mwaka 2019, na kanuni za kadi za kundi la SDXC, ambalo ndilo lililojaa madukani, zinaishia TB 2. Ukiona kadi ya simu ya TB 4 au 8 kwenye mnada wa mtandaoni, pita. Diski za nje za SSD, zile zisizo na sahani inayozunguka ndani, zinazotoshea mfukoni nyingi ni za TB 1, 2 au 4, na zile za TB 8 bei yake ni ya kununulia pikipiki. Hiyo TB 16 ya elfu arobaini na tano haijatengenezwa na mtu yeyote.

Bei nayo inasema. Diski halali ya TB 1 hapa mjini haishuki chini ya laki moja. Punguzo lipo, sikatai, lakini hakuna mfanyabiashara anayekuuzia mara kumi na sita ya mzigo kwa nusu ya bei.

Kisha soma maoni ya wateja, ila usiyasome kama yalivyopangwa. Nyota tano nyingi za bidhaa hizi ni za kweli kabisa! Mtu amepokea mzigo, amechomeka, ameona namba, akaandika "imefika haraka, asante". Hajajaza hata GB 10. Anayejua ukweli ni yule aliyerudi baada ya miezi miwili, naye amezikwa huko chini na nyota yake moja. Anza na nyota moja. Angalia pia kama maoni yanazungumzia bidhaa ileile, maana wapo wauzaji wanaochukua ukurasa wa zamani wenye sifa nzuri na kubadilisha picha na jina. Unakuta diski ambayo wateja wanaisifia kwa kuwa "kava linaikaa simu vizuri". Mimi nikikuta hivyo nafunga ukurasa.

Jina la soko la mtandaoni nalo lisikulaze usingizi. Katika masoko makubwa wanauza maelfu ya watu tofauti, kwa hiyo tafuta palipoandikwa nani hasa anauza. Kwa wanaouza kwenye Instagramu na stetasi za WhatsApp, omba namba ya modeli na picha ya kifaa chenyewe, siyo picha iliyotolewa mtandaoni, halafu itafute modeli hiyo kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza. Muuzaji anayekujibu "ni original boss, usiwe na wasi" bila namba ya modeli amekujibu tayari.

Sasa kupima. Njia ya uhakika ni moja: ijaze mpaka mwisho, kisha usome ulichoandika. Kwenye Windows ipo programu ya bure iitwayo H2testw, iliyotokana na jarida la kompyuta la Ujerumani la c't. Wenye Linux au Mac wanatumia F3. Zote zinajaza kifaa kwa mafaili ya GB 1 moja moja, kisha zinayasoma tena na kukuambia ni kiasi gani kimerudi kizima. Pima kifaa kikiwa kitupu.

Kazi hii inataka subira. Flashi ya GB 64 inayoandika kwa MB 10 kwa sekunde itachukua karibu saa mbili kujaa, na bado kusoma. Ile ya TB 16 ya yule kijana, kwa mwendo huohuo, ingechukua siku 18 na zaidi, na nadhani wauzaji wanalijua hilo, ndiyo maana wanaandika namba kubwa kiasi kile. Usiijaze yote. H2testw inakuruhusu kuchagua kiasi. Mpe GB 150 uiache usiku kucha, bandia nyingi zitaumbuka kabla ya asubuhi. Kwenye F3 ya Linux kuna pia f3probe, inayopima kwa dakika chache kwa kugusa sehemu mbalimbali za diski.

Asiye na kompyuta afanye hivi kwa simu. Hamishia video kubwa kwenye kadi mpaka ijae, itoe, irudishe, halafu fungua ya kwanza, ya katikati na ya mwisho, na kila moja isogeze mbele mpaka mwisho wake. Usiruke hatua ya kuitoa, maana simu huweza kukuonyesha kilichobaki kwenye kumbukumbu yake yenyewe ukadhani kimetoka kwenye kadi.

Ukiagiza mzigo Dar ukaupokea ofisi za mabasi Nyegezi, "lipa ukipokea" inakuonyesha boksi tu. Kubaliana na muuzaji kabla hujatuma hela: siku ngapi za kupima, nani analipa nauli ya kurudisha, na yote yawe kwa maandishi kwenye WhatsApp. Fungua boksi huku mtu anakurekodi video. Piga picha ya tangazo kwenye skrini siku unayonunua, kwa sababu likishafutwa huna ushahidi, na tunza ujumbe wa malipo pamoja na risiti ya basi. Hivyo ndivyo vitu utakavyoulizwa ukipeleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, inayopambana na bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963.

Kuna udanganyifu wa aina nyingine ambao kipimo cha kujaza na kusoma hakiuoni: diski kubwa ya kompyuta iliyotumika, ikauzwa kama mpya. Nafasi yake ni ya kweli, umri ndio wa uongo. Mapema mwaka 2025 huko Ujerumani diski za kampuni ya Seagate zilizokwishafanya kazi kwa maelfu ya saa zilikutwa zikiuzwa kama mpya, na kaunta iliyozoeleka ya saa ambazo diski imewaka ilikuwa imerudishwa sifuri. Zilinaswa na kumbukumbu nyingine za ndani ziitwazo FARM. Baadhi zilikuwa zimefika saa 50,000, zaidi ya miaka mitano bila kuzimwa. Kwa diski ya kawaida anza na programu ya Windows iitwayo CrystalDiskInfo, utazame saa ilizowaka. Ya Seagate ipime na programu ya smartctl pia, isome FARM.

Na kama umeshaipata bandia na kazi yako imo, usiongeze faili hata moja, usiifomati, nakili kwanza kila kinachofunguka. Ukishamaliza kunakili, usimpe mwanafunzi akaandikie utafiti wake. Kwa miziki ya kwenye bajaji, sawa.

Ya yule kijana ilikuwa ya aina inayotupa kinachozidi, kwa hiyo sherehe ya kwanza tuliitoa nzima. Ya pili ilikatika kabla ya keki. Ya tatu haikuwemo kabisa, lakini msaidizi wake alikuwa na kadi ya kamera ya pili kwenye mfuko wa koti, hajaifuta.