Mwanaume mwenye nguvu za kiume naye anaweza kuwa mgumba

Ndoa ikikaa mwaka bila mtoto, macho yote humgeukia mke. Mawifi wananong'ona, mama mkwe anatafuta mganga, na mume anaambiwa aoe mwingine. Hoja yao ni moja: mwanaume anayeweza tendo la ndoa hawezi kuwa na tatizo.

Si kweli. Nguvu za kiume ni jambo moja, mbegu ni jambo jingine. Mwanaume anaweza kuwa imara kabisa na kutoa shahawa nyingi, lakini ndani yake mbegu ni chache, hazina mwendo, au hazimo kabisa. Kwa macho huwezi kujua. Hadubini ndiyo inayoonyesha. Chanzo chaweza kuwa mishipa iliyovimba kwenye korodani, kisonono kisichotibiwa, matubwitubwi ya ukubwani, hata sindano za homoni za kutunisha misuli. Kwa mwanamke, mara nyingi ni mirija iliyoziba au yai lisilopevuka.

Shirika la Afya Duniani huhesabu ugumba baada ya miezi 12 ya kukutana mara kwa mara bila kinga. Mke akiwa na miaka 35 au zaidi, msingoje kupita miezi 6. Hedhi ikiruka ovyo, au korodani ikiwa haikushuka utotoni, nendeni sasa.

Nendeni wawili. Kipimo cha shahawa ni chepesi na hakina maumivu. Inaniuma kuona mwanamke akipimwa miaka mitatu kabla mumewe hajapimwa hata mara moja.