Kundi la piranha si jeshi la mauaji

Ukitaja piranha, samaki wa mito ya Amerika Kusini, wengi huona ng'ombe akiingia mtoni mzima na kubaki mifupa mitupu. Sifa hiyo ilienezwa sana na Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, aliyerudi kutoka Brazil mwaka 1914 na kuandika kwamba hakuna samaki mkali kumshinda.

Meno ni makali kweli, hilo halina ubishi. Lakini hata piranha mwenye tumbo jekundu, yule anayeogopwa hasa, hula pia mbegu, matunda, wadudu, mizoga na vipande vya mapezi anavyonyofoa kwa samaki wenzake.

Na kuogelea kwa kundi? Ni woga tu! Pomboo wa mtoni, kaimani (jamii ya mamba) na ndege huwala wao. Ndiyo maana waliokomaa kuzaa hukaa katikati, na wachanga wakaachwa pembeni.

Watu huumwa, ndiyo, mara nyingi kidole au unyayo, hasa samaki anapolinda mayai yake. Wavuvi nao hung'atwa wakimchomoa kwenye ndoana. Kisha humpika supu.