Ubao wa weikibodi "imara": imara dhidi ya nini?

Ingia duka lolote la michezo ya majini na karibu kila ubao wa weikibodi utauona umesifiwa kwamba ni imara. Sifa hiyo si uongo, ila imekatwa katikati. Ubao unaostahimili kurushwa na wimbi la boti na kutua kwa kishindo ni imara kweli. Upeleke ubao huohuo kwenye uwanja wa kebo, ambako waya ndio unaokuvuta badala ya boti, uuburute juu ya reli za kutelezea wikendi mbili tatu, utarudi nao umechubuka tumbo hadi nyuzi za faiba zinaonekana. Haukuwa mbovu. Ulitengenezwa kwa adui mwingine.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: mchezaji husimama kiubavu juu ya ubao, miguu imefungwa kwenye buti, anashika mpini wa kamba na kuvutwa juu ya maji. Zamani, hata kabla ya weikibodi kuwapo, mvutaji wa wanaoteleza majini alikuwa boti tu. Kisha mhandisi Mjerumani, Bruno Rixen, akabuni mfumo wa kebo inayozunguka ziwa juu ya minara, na tangu miaka ya 1960 viwanja vya namna hiyo vikaanza kuenea Ulaya. Uwanja mkubwa huwa na minara mitano au sita, kebo inakwenda kama kilomita 30 kwa saa, na watu kadhaa huvutwa kwa wakati mmoja. Mdogo una minara miwili tu, na mtu mmoja anakwenda na kurudi. Langenfeld huko Ujerumani ni jina kubwa katika mchezo huu. Misri kuna uwanja El Gouna, na kwa ndugu zetu walio kazini Ghuba, Abu Dhabi kuna Al Forsan.

Kwenye kebo hakuna boti, kwa hiyo hakuna wimbi la kukurusha. Utamu umehamia kwenye vitu vinavyowekwa majini: reli, maboksi marefu, mabomba, majukwaa ya kurukia. Sehemu kubwa ya vitu hivi huvikwa plastiki ngumu juu, na humwagiwa maji ili viteleze. Hapo ndipo maana ya uimara inapogeuka. Maji huupiga ubao mara moja, kwa upana wake wote, kisha basi. Reli inausugua ubao mahali pamoja, mita baada ya mita, na ukitua vibaya inaugonga ukingoni.

Anzia chini basi, kwenye soli. Naiita soli kwa sababu kazi yake ni ileile ya soli ya kiatu: kuliwa ili kilicho juu yake kisiliwe. Mvuvi anayeburuta mtumbwi mchangani kila asubuhi hahitaji kuelezwa hili. Ubao wa boti kwa kawaida hauna soli ya kweli. Una faiba iliyopakwa gundi na rangi, inang'aa vizuri, na mkwaruzo mmoja mzito unaifikia nyama. Ubao wa kebo huvishwa tabaka la polithini ngumu, na polithini hiyo hutengenezwa kwa njia mbili. Ya kwanza, ekstrudedi, plastiki huyeyushwa na kusukumwa itoke bapa, kama tambi zinavyotoka kwenye mashine. Ni rahisi kutengeneza, lakini huchubuka mapema. Ya pili ni sinteredi: unga wa plastiki hubanwa kwa joto na kani kubwa mpaka chembe zishikamane, likitoka pande hukwanguliwa kuwa karatasi nyembamba. Polithini inayotumika hapa ina molekuli ndefu mno, zimesokotana kama nyuzi za kamba ya katani, na ndiyo maana haikubali kuliwa upesi. Plastiki ya jamii hii ndiyo madaktari wanayoiweka kwenye nyonga na magoti ya bandia, mahali ambapo msuguano haulali.

Kila kiwanda kina jina lake la kuipamba soli yake; Liquid Force, kwa mfano, wanaiita Grind. Majina yasikubabaishe. Muulize muuzaji maswali mawili: ni sinteredi, na ina unene gani? Akisitasita, bila shaka na yeye anasoma kibandiko kama wewe.

Kutoka kwenye soli panda ukingoni, maana kwa maoni yangu hapa ndipo mbao nyingi zinapofia. Mtu anaikosa reli kidogo, badala ya kutua juu yake anaigonga kwa ubavu wa ubao. Ubao wa boti una kingo nyembamba na kali, ili ukate maji. Wa kebo huwa na ukanda mnene wa plastiki au yurethani, ambayo ina asili ya mpira kidogo, umezungushwa ubavuni kuumeza ule mgongano. Ukingo ukipasuka, maji yanapata mlango, na yakishaingia matabaka yanaanza kubanduka taratibu bila wewe kujua.

Kiini, yaani kilichojaza katikati ya ubao, kina ubishi wake. Povu gumu ni jepesi na linafaa sana kwa boti, lakini likikunjwa mara nyingi juu ya reli hupondeka na kuchoka. Mti, hasa paulonia ambao ni mwepesi kuliko unavyoudhania, hukunjwa na kurudi, hukunjwa na kurudi. Gharama yake ni kwamba mti hunywa maji. Ufa mdogo usiozibwa kwa gundi ya epoksi unaweza kuuvimbisha ubao mzima. Povu nalo lisidharauliwe, zipo mbao za kebo za povu zilizoimarishwa vizuri. Ila ningekuwa nanunua wa reli leo, ningechukua mti.

Na hapa kuna kosa ambalo hata wauzaji hulifanya, kudhani mgumu ndio imara. Ubao ukitua katikati ya reli, ncha zote mbili zinabaki hewani na uzito wako uko pale pale kati. Usiokubali kupinda utapasuka, kama mti mkavu penye dhoruba wakati mwanzi umeinama tu. Unyumbukaji ni sehemu ya uimara. Lakini usizidi, mtu mzito kwenye ubao laini kupita kiasi akitua kutoka jukwaani, unamkunjikia miguuni. Fuata jedwali la uzito la kiwanda. Wengi wenye kilo 70 hadi 90 huangukia karibu na sentimita 140 hadi 145.

Mapezi ya chini ya ubao? Yatoe. Yanakwama kwenye reli, na yanaharibu vitu vya watu.

Wanaotumia tiara za upepo Paje au Diani wataona mbao zao zinafanana na hizi. Sura tu. Ubao wa tiara ni mwembamba, umeundwa kukata maji ya bahari, na soli ya kusuguliwa si lazima iwepo.

Soma pia karatasi ya dhamana kabla ya kulipa, kwani viwanda vingi haviufidii ubao wa boti ulioharibiwa kwenye reli. Ukinunua uliokwisha kutumika, ugeuze. Gonga kwa kidole kuanzia ncha hadi ncha, kama unayechagua tikiti, ukisikiliza mahali sauti inapofifia. Kagua kuzunguka matundu ya skrubu za buti, kisha pitisha ukucha ukingoni kote. Mikwaruzo ya soli, hata ikiwa mingi ya kutisha, itumie kupunguza bei. Ufa wa ukingoni ukiuona, mrudishie mwenyewe ubao wake.